Trekta la HP ngapi linatosha kwa ekari 14 za hei?

MfugajiSiha

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa wanaoijua hei (nyasi kavu za malisho) kwa vitendo.

Nina ekari 14 za nyasi za Rhodes upande wa Siha, Kilimanjaro Magharibi, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ekari 9 ni tambarare, 5 zina mteremko wa wastani. Mkato mmoja unatoa marobota (mafungu ya hei iliyobanwa) kama 120 kwa ekari, kila robota kilo 15 hivi, na navuna mara mbili kwa mwaka. Sehemu wanakula ng'ombe wa maziwa, nyingine nauza. Kwa sasa kila kitu ni cha kukodi: kukata, kukusanya na kufunga.

Mpango ni kununua mashine ya kukatia ya ngoma mbili (upana mita 1.65), reki ya magurudumu ya vidole, na baadaye mashine ya kufunga marobota madogo ya mraba. Matrekta yaliyo mezani ni matatu: dogo jipya la HP 28 la kuvuta magurudumu yote manne, lililotumika la HP 50 la kuvuta nyuma tu, aina ya Massey Ferguson 240, na la HP 75 la kuvuta yote manne, nalo limetumika. Muuzaji wa lile dogo anasema linaendesha mashine yoyote ya kufunga marobota kwa kuwa PTO yake (ncha ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) inazunguka mara 540 kwa dakika kama nyingine. Ni kweli? Na kama si kweli, HP 50 inatosha au nijibane nifike 75?

MalishoKwanza

Mkuu, 540 ni kasi tu. Haikuambii kuna nguvu kiasi gani nyuma ya ile kasi. Hata trekta la HP 18 linazungusha 540 likiwa halina mzigo.

Usianze kuhesabu kutoka kwenye trekta. Anza na siku ya kufunga, urudi nyuma. Hei inafungwa umande ukishakauka, kwa hiyo siku njema ni saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa sita za kazi. Ekari 14 huzikati siku moja. Mvua moja ikinyesha juu ya nyasi zilizolala inaosha sukari, nyasi zinageuka nyeupe na mnunuzi anazikataa. Kata vipande vya ekari 5 kufuatana na hali ya hewa. Ekari 5 kwa marobota 120 ni marobota 600. Mashine ndogo ya mraba iliyo sawa, ukitoa muda wa kona, wa kubadilisha kamba na wa mafundo yanayokosea, inakupa marobota 150 kwa saa bila kuikimbiza. Saa nne umemaliza, na bado una saa mbili za akiba. Hiyo ndiyo kazi ambayo trekta lako lazima liifanye. Nyingine zote ni nyepesi kuliko hiyo.

Sasa nguvu. Watengenezaji wengi wa mashine za mraba za chumba cha sentimita 36 kwa 46 wanataka angalau HP 35 kwenye PTO. Kwenye PTO, siyo kwenye injini. Kutoka injini hadi PTO unapoteza karibu asilimia 15 kwenye gia. Kisha kuna mwinuko: injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) inapoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka baharini. Kwako mita 1,400 ni kama asilimia 14. Fanya hesabu:

HP 28 × 0.85 × 0.86 = karibu 20
HP 50 × 0.85 × 0.86 = karibu 36.5
HP 75 × 0.85 × 0.86 = karibu 55

Lile la 28 limeshatoka. La 50 linapita, lakini kwa nafasi ndogo, kwa hiyo injini iwe na afya kamili. Trekta la HP 50 lililochoka, linalotoa 40 halisi, halipiti.

Wengine watakwambia kufunga marobota hakuli nguvu kiasi hicho, na kwa wastani wana haki: ukifunga tani 5 kwa saa, wastani wa matumizi ni chini sana ya 35. Lakini pistoni ya kushindilia inapiga mara 80 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo linakata na kubana kwa mkupuo. Flaiwili (gurudumu zito la mashine linalotunza mwendo) inabeba sehemu ya pigo hilo, trekta linabeba iliyobaki. Ukikutana na bonge la nyasi, au ukipanda mteremko huku unafunga, mahitaji yanaruka ghafla. Injini isiyo na akiba inashuka mizunguko, pistoni inapunguza kasi, sindano za kupitisha kamba na vifunga fundo vinafanya kazi nje ya mwendo wake, na robota linatoka legelege upande mmoja.

Ya kukatia ya ngoma mbili ya mita 1.65 inaridhika na HP 35 hadi 45 za injini. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa utakata ekari 2 kwa saa pamoja na kona, kwa hiyo zile ekari 5 ni saa mbili na nusu. Reki ya vidole inazungushwa na ardhi yenyewe, haitumii PTO, hata HP 20 inaivuta.

FundiKlachi_Arusha

Hesabu za MalishoKwanza nazikubali. Naongeza jambo ambalo kwangu ni la kwanza kabla ya HP: klachi.

Kwenye kazi ya marobota unasimamisha trekta mara nyingi huku mashine inaendelea kuzunguka. Mstari wa nyasi umekuwa mnene, unakanyaga klachi, trekta linasimama, mashine inameza kilichomo, unaendelea. Hilo linawezekana tu kama PTO haitegemei klachi ya mwendo: ama klachi ya hatua mbili, ama PTO yenye klachi yake. Trekta lenye klachi moja likikanyagwa, PTO nayo inasimama. Chumba kimejaa nyasi, pistoni imesimama katikati, ukiachia klachi inabidi injini iamshe flaiwili na mzigo wote kwa pamoja. Hapo bolti ya kukatika inakatika. Ikikatika mara ya tatu, dereva anaweka bolti ngumu zaidi ili "isisumbue", na siku inayofuata kinachovunjika ni gia au sindano. Ile bolti imewekwa ife yenyewe. Weka ya ugumu ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine na uwe na akiba ya kumi kwenye boksi la vifaa.

Klachi moja ina hatari nyingine. Flaiwili ikiwa kwenye mwendo inausukuma mhimili wa PTO, mhimili unasukuma gia, na trekta linaendelea kwenda mbele ingawa umekanyaga klachi. Kuna kifaa cha kuweka kwenye mhimili kinachoruhusu mashine izunguke bila kulisukuma trekta. Kinatibu msukumo huo, hakitibu tatizo la kusimama.

Kwa hiyo unapokagua lile la 50, fanya hivi. Washa, weka PTO, gia ya chini, anza kutembea polepole. Kanyaga klachi hadi katikati: magurudumu yasimame, PTO iendelee. Kanyaga hadi mwisho: PTO nayo isimame. Kama vyote vinasimama pamoja katikati ya safari ya pedali, ama ni klachi moja, ama ni ya hatua mbili iliyokufa au haijarekebishwa. Usikubali kuambiwa "ni waya tu" bila kuona imerekebishwa. Matengenezo ya klachi ya hatua mbili yanahitaji trekta likatwe katikati, injini itengwe na gia.

Na matrekta mengi mapya ya HP 35 hadi 50 yanayoingia nchini yanauzwa kwa matoleo mawili, ya klachi moja na ya klachi mbili, yanafanana kabisa kwa nje. La klachi moja ndilo la bei nafuu. Uliza kabla ya kulipa.

MfugajiSiha

Asanteni sana wakuu. La 28 nimelitoa. Maswali mawili. Kwanza, kuna mtu ameniambia lile la 28 lingefaa na mashine ndogo ya marobota ya duara, je, ni njia inayofaa? Pili, kama 36.5 imepita 35 kwa nukta tu, si bora niende 75 nimalize?

Nyandarua_Hay

Salamu kutoka Ol Kalou, Kenya. Hilo la pili nalijibu mimi kwa sababu huku kwetu ndilo linalowauma watu.

Ol Kalou tuko juu ya mita 2,300. Kwa hesabu ile ile, injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 23. Trekta la 50 linabaki na 32 au 33 kwenye PTO, kwa hiyo huku mtu anayetaka kufunga kwa mashine ya mraba aanzie 60, au atafute ya tabo, ambayo inapoteza kidogo sana kwenye mwinuko wa namna hii. Dalili utaiona kwenye moshi: injini inayokosa hewa inatoa moshi mweusi mzito kila pistoni ikipiga. Siha, mita 1,400, hujafika huko. Hamsini yenye afya inafanya kazi.

Lakini kuna kitu kizito kuliko HP kwenye zile ekari zako 5 za mteremko: uzito wa trekta. Mashine ya marobota ya mraba ina kilo 1,300 hadi 1,500 ikiwa tupu. Matrekta ya HP 25 hadi 30 mengi yana kilo 1,000 hadi 1,400. Ukishuka mteremko, mashine ndiyo inayoliendesha trekta, na kila pigo la pistoni linalitikisa mbele na nyuma. Nyasi kavu zinateleza chini ya tairi. Hata kama lile dogo lingekuwa na HP 40, nisingeliweka mbele ya mashine hiyo kwenye mteremko. La aina ya MF 240 lina karibu tani 2, linaishika mashine, mradi usifunge tela nyuma yake. Marobota 100 ya kilo 15 ni tani moja na nusu, ongeza tela lenyewe. Kwenye tambarare ruhusu tela. Kwenye mteremko yaache marobota yaanguke chini, uyakusanye baadaye. Funga ukienda juu na chini, usikate mteremko kwa ubavu, kwa sababu robota likianguka kwa ubavu linabiringika, na mashine nayo inavuta mkia wa trekta kwenda chini.

Panua magurudumu ya nyuma. La kuvuta nyuma tu linasogezwa kwa kugeuza rimu; mita 1.6 hadi 1.7 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi inakupa utulivu mteremkoni.

Sasa 75. Nguvu itakuwepo, akiba itakuwepo, breki bora, na kuvuta magurudumu yote manne kunasaidia kushuka kwa sababu injini inazuia kupitia mbele pia. Lakini linapita shambani mara nyingi kwa mkato mmoja: kukata, kugeuza, kukusanya, kufunga, kubeba. Rhodes inarudi kwa kutambaa na kwa machipukizi ya chini; tani 3 na zaidi zikipita kwenye udongo ambao bado una unyevu baada ya masika, mistari ya matairi utaiona kwenye mkato wa pili kama nyasi fupi. Dizeli nayo: kwa kazi nyepesi za hei la 50 linakula lita 4 hadi 6 kwa saa, la 75 linakula zaidi kwa kazi ile ile, kwa sababu unazungusha injini kubwa ili kuvuta reki. Ningechukua 75 kama ungekuwa pia unalima kwa jembe la sahani tatu, au unafikiria marobota makubwa ya duara ya mita 1.2. Hayo yanahitaji HP 50 hadi 60 kwenye PTO na kipakio cha mbele, na mnunuzi wa robota la kilo 250 hayuko kila kijiji. Mfugaji wa ng'ombe wawili anataka robota analoweza kubeba kwa bodaboda.

ShambaDogo_Mufindi

Naomba niitetee kidogo mashine ndogo ya duara, maana hapa imeachwa bila wakili.

Inaendeshwa na trekta la HP 20 hadi 30, ina uzito wa nusu ya ile ya mraba au chini ya hapo, inafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma au inavutwa, na robota lake ni la urefu wa sentimita 70 na kipenyo cha 50 hadi 60, kilo 15 hadi 25 kutegemea ukavu na ubanaji. Haina vifunga fundo. Kamba au wavu vinazungushwa tu na kukatwa. Kwa anayejua jinsi vifunga fundo vinavyopoteza siku ya mtu, hilo siyo jambo dogo. Haina pistoni, kwa hiyo haina mapigo. Trekta dogo linapumua. Kwa mwenye ekari 3 hadi 6, kwa maoni yangu, ni chaguo bora kuliko mraba mkuukuu unaochezewa kila msimu.

Mahali inapokwama: kila robota likijaa unasimama kabisa, unasubiri kamba izunguke, unafungua mlango, unaendelea. Na inakaa nyuma ya trekta moja kwa moja, siyo pembeni, kwa hiyo trekta linapita juu ya mstari wa nyasi. Trekta fupi la chini linazikwangua nyasi kwa tumbo, na nyasi kavu zikizunguka mhimili au zikigusa bomba la moshi ni hatari ya moto. Pima kimo cha tumbo la trekta kabla, na fanya mistari yako iwe ya chini na mipana kiasi, isiwe mirefu kwenda juu.

Na kwa wale wa ekari moja au mbili wanaosoma hapa: msinunue trekta kwa ajili ya hei. Sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, sentimita 85 kwa 55 kwa kina cha 45, linatoa robota la kilo 20 hivi. Laza kamba mbili ndani, jaza, kanyaga, ongeza, kanyaga tena, funga, nyanyua sanduku. Panga la kukatia au mashine ya kubeba begani inatosha.

MalishoKwanza

ShambaDogo ameeleza vizuri. Nitaweka namba tu kwa ekari 14. Ile ndogo ya duara, pamoja na kusimama, ihesabu marobota 40 hadi 60 kwa saa. Zile ekari 5 zina tani 9. Kwa robota la kilo 18 ni marobota 500. Kwa 50 kwa saa ni saa kumi, na siku ina saa sita nzuri. Kwa hiyo nyasi za nusu ya eneo zitalala nje usiku mwingine. Inawezekana, ila itabidi ukate ekari 3 kwa awamu badala ya 5, na kiangazi chako kilazimike kukuvumilia kwa awamu tano. Kwa ekari 5 jumla ningesema ndiyo. Kwa 14 nasema mraba na HP 50.

Kuhusu 36.5 kuwa "nukta tu" juu ya 35: unadhibiti mzigo kwa mwendo. Ukikusanya mapito mawili ya kukatia ya mita 1.65 kwenye mstari mmoja, kwa mavuno yako kila mita ya mstari ina karibu kilo moja na nusu. Kwa kilomita 3.5 kwa saa mashine inameza tani 5 kwa saa, na hapo ndipo inapofanya kazi vizuri. Hesabu vipande (kila pigo la pistoni linabana kimoja) kwenye robota la sentimita 90: viwe 12 hadi 18. Vikizidi 20 unailisha kidogo, robota linakuwa na vipande vyembamba vinavyomwagika likifunguliwa. Vikiwa chini ya 10 unailisha kupita kiasi, na hapo ndipo trekta la 50 linapolia. Jibu ni kushusha gia, siyo kushusha mizunguko ya injini. PTO ibaki 540 muda wote. Kwa hiyo siku ya kukagua trekta, tafuta gia inayokupa kilomita 2 na nyingine inayokupa 3.5 hadi 4 injini ikiwa kwenye alama ya 540. Trekta linaloruka kutoka 2.5 hadi 6 litakusumbua zaidi kuliko linalopungukiwa HP tano.

Na usisahau unyevu, kwa sababu nyasi mbichi zinaongeza mzigo kwenye mashine na watu wanasingizia trekta. Funga kwenye asilimia 15 hadi 18. Juu ya 20 robota linapata joto na ukungu ghalani. Kipimo cha bei rahisi: katakata nyasi, jaza nusu ya chupa kavu yenye mdomo mpana, weka kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikana au ikinata kwenye kioo, bado. Ikibaki inacheza chini, funga.

MfugajiSiha

Nimeelewa vizuri sana. Kwa hiyo ni la 50, klachi mbili, baada ya kulikagua. Mashine ya marobota nitaikodi msimu wa kwanza, nikinunua ya kukatia na reki. Je, kuna cha kuangalia kwa upande wa ya kukatia na la 50? Na mwenye mashine ya kukodi akija na mhimili wake wa PTO, naweza kuufunga tu kwenye trekta langu?

Nyandarua_Hay

Uamuzi wa kukodi ni sawa. Chukua gharama ya mwaka ya mashine yako mwenyewe (kushuka thamani, riba, vipuri, kamba usiihesabu maana utainunua hata ukikodi), igawe kwa marobota 3,360 ya mikato miwili, linganisha na bei ya kukodi kwa robota. Wengi wenye chini ya marobota 5,000 kwa mwaka wanakuta kukodi ni nafuu, mradi mwenye mashine aje siku aliyosema. Ndiyo maana kukata na kukusanya viwe mikononi mwako: hukati kabla hujasikia kwamba mashine ya kufunga imeshafika kwa jirani.

Kamba: robota moja linakula kama mita 5.3 kwa kamba mbili pamoja na mafundo. Kamba ya katani ya mita 200 kwa kilo inafunga marobota 37 kwa kila kilo, kwa hiyo marobota 600 ni kilo 16 au 17. Mna katani ya Tanga karibu, ila chagua iliyosokotwa kwa unene sawa. Kamba yenye mafundo na sehemu nyembamba inamfanya fundi alaumiwe bure.

FundiKlachi_Arusha

Ya kukatia ya ngoma mbili ina kilo 350 hadi 400 na inaning'inia upande wa kulia, siyo katikati. Ukiinyanyua kwenye la kuvuta nyuma tu, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hausikii. Weka vyuma vya uzito mbele, kilo 100 hadi 150, hadi usukani ushike hata kwenye matuta ya barabarani. Barabarani ikunje nyuma, usitembee nayo ikiwa pembeni. Kabla ya kukata kagua mikanda, na visu vitatu vya kila ngoma viwe vya uzito mmoja. Ukibadilisha kimoja kilichovunjika, badilisha seti ya ngoma hiyo yote, vinginevyo itatikisika hadi beringi zife. Acha bua la sentimita 8 hadi 10. Chini ya hapo unakata machipukizi na unazoa udongo, na udongo ndani ya robota unakula sindano na kisu cha pistoni.

Mhimili wa PTO: hapana, usifunge tu. Kwanza hesabu meno: wa kawaida wa 540 una meno 6 na kipenyo cha inchi 1 na 3/8. Kisha, kutoka ncha ya PTO hadi tundu la pini ya kukokotea, ukipima kwa mlalo, kuwe na inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu. Kama ndoano imerudishwa ndani au imetolewa nje kuliko hapo, mhimili unapinda vibaya kwenye kona na misalaba (viungo vyake vya kupindia) inapasuka. Kisha funga mashine, pinda trekta hadi kona ya mwisho injini ikiwa imezimwa, uangalie mabomba mawili ya mhimili. Kwenye hali fupi kabisa yabakize sentimita 2 au 3 kabla ya kugongana. Kwenye hali ndefu kabisa theluthi moja ya urefu iwe bado imeingiliana. Ukiwa mrefu mno unasukuma beringi ya PTO hadi sili ivuje mafuta. Ukiwa mfupi mno unachomoka kwenye kona ukiwa unazunguka.

Kifuniko cha plastiki cha mhimili kiwepo, kizima, kimefungwa mnyororo. Mashine ikikabwa na nyasi, zima PTO, zima injini, chukua ufunguo, subiri flaiwili isimame yenyewe, ndipo mtu aingize mkono. Flaiwili inaendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kuzimwa, na pistoni inakwenda nayo. Wanaokusanya marobota wasiwe na kanga, kitenge wala koti lisilofungwa karibu na mhimili, na wapange wakae upande wa kushoto wa trekta, dereva awaone.